Mkwe Kwenye Spika za Chuma

Hii hutaiamini. Hata ungekuwepo pale Ndandalo, kwenye sebule ile ile, na masikio yako yote mawili, ungetoka nje ukajiambia hapana, ni joto tu, sijalala vizuri. Lakini ilitokea, tena mchana kweupe, na aliyetokewa bado yupo. Anapika, anaanika kakao, ukimsalimia anaitika vizuri kabisa. Anaitwa Atupele.

Atupele ameolewa na Aliko, yule anayenunua kakao kwa wakulima kuanzia hapo Ndandalo mpaka kule Katumba Songwe mtoni. Aliko ni mtu wa muziki mpaka anakera. Wenzake wakipata faida wanaongeza bati, yeye ananunua waya. Na si muziki wa kwenye simu, huo anauita muziki wa mbu. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: spika za tarumbeta, zile za zamani, zikae sebuleni kwake. Zile ambazo sauti haitoki hivi hivi, inapita kwanza kwenye koo jembamba, halafu inatokea kwenye mdomo mpana kama tarumbeta la bendi ya kanisani. Mtu akiimba humo ndani, unaweza kumsogezea kiti.

Basi msimu huu wa mvua zikaja pea mbili kwa mpigo.

Ya kwanza aliileta rafiki yake, Mwalimu Wilbroad, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku kufundisha fizikia. Makabati mawili makubwa ya mbao, marefu kama mtu mzima, tarumbeta lake limekunjwa ndani kama utumbo. Aliyakuta kwenye nyumba moja chakavu kule Matema, wenyewe wanataka kuyapasua kuni. Ya pili ilikuwa ya baba yake Aliko, Mzee Ambakisye, aliyefariki mvua zilipoanza. Hizo zilikuwa midomo miwili ya chuma, mipana, rangi ya kijivu inabanduka, kila mmoja umekaa juu ya sanduku lake la besi. Mzee alizinunua Mbeya zamani sana, ukumbi wa sinema ulipofungwa. Baada ya msiba mjane wake, Mama Marta, akamwambia Aliko, "Njoo uchukue mavyuma yenu, panya wamezaa humo mpaka wajukuu."

Makubaliano ya hao marafiki wawili yalikuwa mepesi. Sebule ni moja, haimezi pea mbili. Aliko achague moja, itakayobaki aichukue Mwalimu. Jumamosi angekuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kubeba.

Jumapili iliyotangulia wakazijaribu. Makabati yakasukumwa kwenye kona, maana ndivyo yalivyo hayo, ukuta wa kona ndio unamalizia tarumbeta lenyewe, bila kona hayana sauti. Za chuma zikasimama katikati. Mwalimu akaweka ampu yake ya zamani, yenye taa za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa.

"Sasa hii ampu si ina nguvu ya kuwasha balbu tu?" Aliko akamcheka. "Itayasukuma haya madude?"

"Wewe! Spika za tarumbeta hazili umeme. Unazipa kijiko, zinakurudishia sufuria. Hizo zako za dukani ndizo zinakula kama mashine ya kukoboa."

Wakawasha makabati. Aisee, besi! Vikombe mezani vikaanza kuongea. Shida ni kwamba kabati la kulia lilikuwa limeziba mlango wa kuendea jikoni, na kule jikoni kulikuwa na mtu.

"Jamani! Mimi nitapita wapi?" Atupele akapaza sauti. "Niruke?"

"Utazunguka nje, Mama Tumaini. Ni mazoezi."

"Mazoezi fanya wewe mwenye kitambi!"

Mwalimu akacheka mpaka akakaa. Halafu mvua ikashuka, unazijua mvua za Kyela, bati likapiga kelele mpaka watu wanaongea kwa mikono. Makabati yakamezwa. Besi unaisikia tumboni, lakini mwimbaji simwoni, Mwalimu akawa anasema, mwimbaji yuko wapi. Wakayapeleka barazani, wakahamishia waya kwenye zile za chuma, wakacheza wimbo ule ule wa kwaya. Sauti ya yule dada wa kwaya ikapasua mvua, ikaja ikasimama mbele yao. Unasikia anavyomeza mate kabla ya ubeti.

Mwalimu akamgeukia Aliko. "Ndugu yangu, tusidanganyane. Makabati yana besi. Haya ya chuma yana watu."

Jikoni Atupele akaacha kuchochea moto. Sauti ile alikuwa anaijua. Aliisikia tangu ameolewa, kila jioni, ikitoka nyumba ya mkwe wake upande wa pili wa migomba, na siku zote aliipenda. Lakini hakuwahi kuisogelea hata siku moja. Hakuruhusiwa. Leo nahitaji ruhusa ya nani, akajiambia, hii ni nyumba yangu. Akapanga chai kwenye sinia, akapita mlangoni, akasimama mbele ya ile midomo ya chuma.

Wimbo ukaisha. Kabla wa pili haujaanza, pakawa na ule upepo mdogo wa spika zikiwa tupu.

Kho. Kho-kho.

Atupele akaweka sinia sakafuni. Hakulidondosha, aliliweka taratibu, akavuta kitenge kichwani mpaka machoni, akageuka, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma mpaka migombani, kwenye mvua.

"Shemeji kapatwa na nini?" Mwalimu akauliza.

Aliko akatazama mlango wa nyuma. Yeye hakusikia kikohozi chochote, lakini mkimbio ule aliujua.

Sasa kama wewe si mtu wa huku, hapa lazima nikueleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba wa mume wake hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, na jina la mkwe, mwanamke halitaji kabisa. Siku hizi wengi wameacha, utakuta mtu na mkwe wake wanapiga selfi. Lakini Mzee Ambakisye alikuwa wa zamani. Tena alikuwa mstaarabu. Kila alipotaka kupita karibu na nyumba ya mwanawe alikohoa kwanza: mara moja, kimya, halafu mbili za haraka. Maana yake, mkwe, napita, jifiche. Atupele akisikia anakimbilia migombani, anafunika uso, mzee anapita, basi. Hivyo ndivyo walivyoishi. Sura ya mkwe wake hakuwahi kuiona. Alichokuwa anakijua ni kikohozi, na alikijua kuliko hata mwanamke aliyezaa na mzee huyo.

Mwiko huo una njia ya kuisha. Mkwe mwenyewe anamwita mwanamke, anampa kuku au kitu chochote, wanasalimiana, kuanzia hapo ni baba na mwana. Mzee alishasema atafanya hivyo wakishavuna mpunga. Mvua zikaanza, yeye akafariki kabla ya mavuno. Na kwenye msiba, watu walivyokuwa wengi, ngoma, ng'ombe, wageni kutoka ng'ambo ya mto Songwe, hakuna aliyekumbuka kuuliza: na huyu mke wa Aliko, nani amemfungua mwiko? Siku ya kuzika alikaa nyuma ya jiko na kitenge usoni. Hata jeneza hakulitazama.

Kwa hiyo hajafunguliwa mpaka leo.

Kuanzia Jumapili ile nyumba ikagawanyika. Aliko akiwasha tu spika, kikohozi kinakuja, Atupele anatoka. Akawa anakula jikoni. Akawa anazunguka nje kuingia chumbani kwake, kitenge kichwani, kwenye tope, ndani ya nyumba aliyoibebea matofali yeye mwenyewe. Jirani yake Doreen, yule ambaye mdomo wake hauna likizo, akamkuta ameinama chini ya dirisha la sebule yake kama mwizi wa kuku.

"We Atu! Umeachika au?"

"Nyamaza, Doreen. Mkwe yupo ndani."

"Mkwe gani? Mkwe si tulimzika, nikala na nyama?"

"Yupo kwenye spika."

Doreen akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya kwanza tangu ajulikane. Akachukua ndoo yake akaondoka, na hakupita njia ile tena.

Wakamwita Mama Marta. Bibi akaja na mwavuli wake, akakaa kwenye kochi, akasema washa. Akasikiliza wimbo mzima kabisa, kichwa kimeinama upande, na Atupele kule nyuma ameng'ang'ania mti wa kakao.

"Mimi sisikii kitu," Mama Marta akasema. "Na kikohozi kile nimelala nacho ujana wangu wote. Lakini kama mtoto anasema anasikia, anasikia. Yule mzee hawezi kupita kwa mkwe bila kukohoa. Hata akiwa huko."

"Sasa tufanyeje, mama? Umfungue wewe," Aliko akasema.

"Mimi nimfungue? Kwani mimi ni mkwe wake wa kiume? Ni mzee mwenyewe amwite." Akasimama, akapangusa sketi. "Ndaga, asante mwanangu, kwa chai. Mimi hapa silali."

Ungedhani Aliko angeogopa. Hapana. Alichofanya ni kibaya zaidi, alianza kuona wivu. Siku aliyokufa baba yake, yeye alikuwa Katumba Songwe kununua kakao. Asubuhi ile mzee alimwita, akaita tena, akatuma na mtu wa kumtafuta. Mvua ilikata barabara. Aliko alipofika, wanawake walishaanza kulia. Baba alikuwa anataka kusema nini? Hakuna aliyejua. Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki, halitoki.

Alhamisi akamfuata mkewe jikoni, akakaa kwenye kigoda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Kwa nini wewe?" akasema. "Mimi ndiye mwanawe. Nimekaa mbele ya zile spika siku nzima, nimeweka sikio mpaka limeuma. Kimya. Wewe ambaye hutakiwi hata kumwona, ndiye anayekukoholea."

"Mimi sikuomba."

"Najua. Sasa kaa umsikilize. Siku moja tu. Usikimbie. Akimaliza kukohoa lazima atasema kitu. Wewe unisikilizie, uniambie."

Atupele akaacha mwiko kwenye sufuria. "Aliko. Unajua unachoniomba? Mkwe hajaniita. Nikikaa mbele yake nikipata kichaa, utanilisha wewe?"

"Nitakulisha."

"Tumaini akirudi shule akanikuta naokota makopo sokoni?"

"Mama Tumaini." Akasogeza kigoda. "Aliniita, mimi sikuja. Nikiendelea hivi mimi ndiye nitaokota makopo."

Atupele akamtazama. Mwanaume yule alikuwa amekonda kweli. Akamwambia hivi: "Nitakaa mara moja. Halafu Jumamosi spika za baba yako zinaondoka na Mwalimu. Yabaki makabati. Yazibe mlango, yazibe na dirisha, nitazunguka nje mpaka nizeeke. Lakini sebule yangu inarudi."

"Nikishamsikia, sawa."

"Umesema?"

"Nimesema."

Jumamosi Mwalimu Wilbroad akaja na kirikuu. Mvua ilikuwa inanyesha, akakiacha kinaunguruma nje, akasimama mlangoni anapangusa miwani, akawasalimia kwa Kinyakyusa. "Mwagonile! Haya, wakuu, tupakie zipi?"

"Subiri, ticha," Aliko akasema. "Kaa hapo hapo. Usiongee."

Akawasha ampu. Zile taa zikawa nyekundu. Hakuweka wimbo wowote. Atupele akaingia na kitenge kichwani, akakaa kwenye ukingo wa kochi, macho kwenye sakafu. Ile midomo miwili ya chuma ikawa inamtazama, myeusi huko ndani.

Kho. Kho-kho.

Kila mfupa wake ulisema kimbia. Akashika kochi kwa mikono yote miwili.

Kikaja tena, karibu zaidi. Halafu ile sauti ambayo hakuwahi kuongeleshwa nayo maishani. Ilikuwa Kinyakyusa cha wazee, na haikutokea kwenye chuma, ilitokea mahali palipo mbali sana nyuma ya chuma, kama mtu anayeongea huku anatembea. Nakuwekea kwa Kiswahili.

"Mkwe, samahani. Najua upo. Nimekohoa, hukutoka."

Sauti ikasogea.

"Nani huyo anayeniita kila siku? Akiwasha nainuka, natembea, ni mbali, na nikifika simwoni mtu. Nasikia harufu ya jiko lako tu, nakohoa, narudi. Kesho tena. Miguu imeisha, mkwe."

Aliko alikuwa amepiga magoti mbele yake. Aliona mkewe ameinamisha sikio. "Anasema? Anasema nini? Muulize siku ile aliniitia nini!"

Mwanamke kumwongelesha mkwe ambaye hajamfungua! Lakini Atupele alishavuka, sasa arudi wapi? Akanong'ona kwenye kitenge, "Baba. Asubuhi ile ulimwita Aliko. Ulitaka nini?"

Bati linapiga kelele. Nje kirikuu kinakohoa moshi.

"Asubuhi ipi?" sauti ikasema. "Aa. Dirisha. Mvua ilikuwa inaingia, inanilowesha miguu. Nilitaka aje anifungie dirisha."

"Basi?"

"Basi. Mkwe, mwambie anayewasha asiwashe tena. Kama ni yule mtoto, mwambie sina cha kumwambia. Nimechoka. Nataka kukaa chini."

Halafu ule upepo mdogo wa spika tupu, hakuna kitu.

Atupele akainua uso. Aliko alikuwa amemtolea macho kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, mvua na machozi huwezi kutofautisha, maana hata dirisha la kwao lilikuwa wazi. Mlangoni Mwalimu amekumbatia kamba ya kufungia mzigo, ameinua nyusi, haelewi kitu.

"Amesema nini?"

Fikiria. Sentensi moja tu na sebule yake inarudi, na yule mzee anakaa chini anapumzika. Lakini sentensi yenyewe ni hii: baba yako alikuita ufunge dirisha, na hana cha kukwambia.

"Amesema..." Atupele akaanza. "Amesema alitaka akubariki. Siku ile. Alitaka akuwekee mkono kichwani. Amesema hata hivyo ameshakubariki."

Aliko akaweka kichwa kwenye magoti ya mkewe akalia kama ng'ombe. Alilia mpaka Mwalimu akaangalia pembeni. Akanyanyuka amepona kabisa, nakuapia, mtu ameongezeka urefu, akafuta uso kwa shati.

"Ticha! Pakia makabati!"

"Aliko," Atupele akasema. "Tulikubaliana."

"Mama Tumaini, tulikubaliana kabla sijajua anataka kunibariki! Nitamfukuzaje mtu kama huyo?"

Angejibu nini? Jibu alishaliua mwenyewe. Makabati yakabebwa, yakafungwa kamba, yakafunikwa turubai, Mwalimu akaenda zake Kyela mjini anapiga honi ya furaha.

Tangu siku hiyo Aliko ameweka viti viwili mbele ya spika. Kila jioni akitoka kwenye kakao anaoga, anawasha, anamwita mkewe, na mkewe anaenda kukaa, maana mwiko umeshavunjika na kukimbia hakuna faida tena. "Leo anasemaje?" Atupele anatunga. Anasema baba anasalimia. Anasema baba amefurahia bei ya kakao. Anasema baba anamkumbuka Tumaini. Aliko anacheka, anampigia makofi mzee.

Na huku kwenye chuma, mbali, wakati yeye anatunga, kuna mtu amefika anahema, hakohoi tena, anamuuliza kwa adabu ile ile: "Mkwe, umemwambia? Mkwe, bado hujamwambia?"

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usinijibu haraka haraka. Ungekuwa wewe ndiye umekaa kwenye kochi lile Jumamosi ile, mumeo amekupigia magoti, kirikuu kinasubiri nje, ungemwambia nini?